Nani Ananguruma Tumboni?

Phelesia alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, nyuma ya nyumba, pale Sindo, aliposikia mwanawe Cephas akilia chooni. Aliacha karai, akakimbia.

"Mama, kuna kitu kimetoka! Kinatikisika!"

Alikuwa mnyoo, mrefu kama kamba ya kiatu. Alijinyonga kidogo, kisha akatulia. Jana tu Cephas alimeza dawa ya minyoo.

"Yawa! Si nilisema?" Awino, mama mkwe wake, alipaza sauti. "Minyoo ndio husaga chakula. Tumbo likinguruma, ni wao wanaomba kula. Ukiwamaliza wote, mtoto ataishi aje?"

Tumbo la Cephas lilikuwa limevimba kwa miezi, miguu imebaki vijiti. Je, kama Mama anasema kweli? Kama amemuua mwanawe kwa mkono wake? Phelesia alimpigia simu Joyline, mhudumu wa afya wa kijiji aliyempa mtoto dawa hiyo.

Joyline alifika mbio, akamkagua mtoto. "Hatapiki, na tumbo si gumu. Mkiona hayo, kimbieni hospitali. Lakini hili la leo ni heri."

"Heri gani, na mnyoo ametoka mzima?"

"Mzima lakini hoi, Mama Cephas. Mnyoo ana neva na misuli, kama sisi. Neva ikitaka kuuita msuli, vilango vyake vidogo hufunguka, madini ya kalsiamu yanaingia, ujumbe unatoka. Vilango hivyo pia husaidia neva na msuli kuungana vizuri mnyoo anapokua. Dawa hii huvuruga mazungumzo yao. Msuli hukaza, haulegei tena. Mnyoo hawezi kupambana, utumbo unamsukuma nje."

Phelesia alishtuka upya. "Na moyo wa mtoto, si pia ni msuli?"

"Ndiyo maana nilimpima kilo kwanza. Dawa hii hubaki tumboni, inayoingia damuni ni kidogo sana." Akamgeukia Awino. "Na wewe dani, nyanya yetu, chakula husagwa na tumbo lenyewe. Mnyoo ni mgeni anayekula asichopika. Mayai yake tunayameza kwa mikono michafu na mboga isiyooshwa."

Awino aliguna, hajaridhika.

Phelesia aliishi roho juu. Cephas akikohoa tu, yeye huyo mbio. Hata hivyo aliweka maji na sabuni mlangoni mwa choo, na mboga ya sukuma akawa anaiosha vizuri.

Mvua ilipoanza, tumbo lilikuwa limeshuka, mashavu yamejaa. Mchana mmoja tumbo la Cephas likanguruma kwa nguvu. Phelesia aliganda, mwiko mkononi, akamtazama mama mkwe wake.

Awino alisikiliza, kisha akasogeza sahani.

"Hakuna minyoo hapo," alisema. "Hiyo ni njaa ya mtoto mwenyewe. Nawa mikono, mjukuu wangu, ule."