Matawi Nyuma ya Ukuta

Kila asubuhi kabla ya shule, Heledd aliwafungulia kuku, akamwagilia maharagwe bustanini, kisha akawahesabu kondoo wa bibi yake huku akiwasonya.

"Wajinga nyie! Mmoja akiruka tope, wote mnaruka."

Alijiona ana akili kuliko kondoo wote wa milima ya Wales, na kuliko watu wengi pia.

Jumamosi moja mwanzoni mwa kiangazi, Bibi Morfudd alimtuma apunguze kichaka chenye maua ya rangi ya zambarau kilichoziba njia ya bustani.

"Matawi yote uyatie kwenye shimo la taka, umesikia? Yale ni sumu kwa kondoo."

"Najua, bibi. Mimi si mtoto."

Shimo lilikuwa mwisho wa bustani. Ukuta wa malisho ulikuwa hapo hapo kando ya kichaka. Basi huyo mwenye akili zake akatazama huku na huku, akatupa mzigo wote ng'ambo ya ukuta, akaenda kujinyoosha kwenye nyasi. Uvivu wake aliuita ujanja.

Jioni walimkuta Seren, kondoo mwenye wana wanaonyonya, amelala ubavu, anasaga meno na kutokwa povu la kijani. Jirani yao, Mzee Idwal, alimpapasa tumbo.

"Majani mabichi yamemvimbisha huyu. Tumtoboe, hewa itoke." Akachomoa kisu.

Heledd alikitazama kile kisu. Akinyamaza, hakuna atakayejua, ila Seren atakufa bure. Wanakondoo walikuwa wakimsukuma mama yao kwa vichwa, wakilia.

"Usimtoboe, mzee! Amekula yale matawi. Nimeyatupa mimi."

Idwal alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu. "Na wewe ndiye unayewaita kondoo wajinga?"

Bibi alikwishakimbilia jikoni. Alichemsha chai kali, nyeusi tii, dawa ya huko tangu zamani, akaipoza. Walimnywesha Seren kwa chupa, kidogo kidogo, Heledd akimshika kichwa na povu likimlowesha nguo. Giza lilipokaribia, kondoo akasimama, akayumba, wanawe wakavamia chuchu.

Heledd aliokota matawi yote, jani kwa jani, akayatia shimoni. Bibi alikuwa akimsubiri.

"Kondoo hakujua ni sumu. Wewe ulijua. Mjinga nani?"

"Mimi, bibi."

"Ulikuwa mjinga mpaka uliposema kweli. Ukikwepa kazi, mjukuu wangu, anaumia asiye na kosa. Kesho ukienda kuwahesabu, anza kwa kuwaamkia."

Asubuhi Heledd alisimama langoni.

"Shikamoo, Seren," alisema.