Mbali na Vitanda

Jioni ile nilitoka kununua waya mrefu. Dakika kumi tu, duka la vifaa vya umeme na kurudi. Safari hiyo nimeirudia mara nyingi kichwani, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kugeuka.

Gari lilikuwa la umeme, mtumba, nililonunua siku tatu kabla kwa kazi ya teksi. Muuzaji, mwanamume mpole mwenye macho mekundu, alinikabidhi ufunguo na neno moja: "Lichaji mbali na vitanda." Nilidhani anaogopa moto. Nikacheka, nikamwambia nyumba yangu ni ya matofali. Nyuma yake niliona dirisha la chumba kitupu. Kioo kilikuwa kimekatwa pembeni, tundu dogo la kupitisha waya.

Nyumbani kwetu, mimi, mke wangu na mama, soketi iliyoweza kuhimili mzigo ule ilikuwa moja tu: kichwani mwa kitanda cha mama.

"Pitisha dirishani," mama alisema. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwanamke ambaye hakuwahi kutupa hata kifungo. "Ila lisile umeme wa redio yangu."

"Mama, hili linakula kuliko mimi."

"Kuliko wewe? Basi tumekwisha."

Fundi wa betri alikuwa amenipimia: afya ya betri, asilimia sitini na tatu. "Itashuka tu," alisema. "Betri ni kama meno ya ukubwani, kaka. Likishang'oka halioti jingine. Ikifika hamsini, tafuta kazi nyingine."

Wiki mbili baadaye akapima tena. Sitini na nane.

Akakitikisa kifaa chake. Akarudia kupima. Kisha akakusanya vyombo vyake, na tangu siku hiyo hakuligusa tena gari langu. Nikanunua kifaa changu mwenyewe.

Nyumbani, mama alikuwa anapunguza gauni lake kiunoni. "Vitambaa vya siku hizi vinalegea," alisema, pini mdomoni. Wiki iliyofuata akalipunguza tena. Betri ikasoma sabini na nne.

Hapo nilijua. Sijitetei. Nilijua kwenye sabini na nne, na niliendelea kuchomeka hadi tisini na moja. Mara moja tu nilichaji kwenye kituo cha mjini. Kesho yake ikashuka hadi sabini na moja. Nikaurudisha waya dirishani.

Magharibi moja nilipita mlangoni kwa mama, harufu ikanisimamisha. Harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi. Ndani kulikuwa na gizagiza. Nje, gari lilivuma kwa chini, mmm... mmm... na mama alipumua pamoja nalo. Likivuta, anatoa. Likitulia...

Tk.

Pumzi ya mama ikakatika.

Nikahesabu. Moja. Mbili... Saba.

Tk. Akavuta hewa.

Nikaurukia waya. Mkono ukanishika, mwepesi kama karatasi ya kukatia gauni.

"Uache," alinong'ona.

"Mama, linakumaliza."

"Nani kakwambia sijui?" Macho yake yaling'aa kijani, kijani kile kile cha taa ya kuchajia. "Nimeshona miaka arobaini. Kiraka kinatoka kwenye nguo kuukuu, mwanangu. Hakuna anayekata gauni jipya apate kiraka."

Ningeweza kubishana. Ningeweza hata kumbeba, hakuwa na uzito hata wa mtoto mdogo. Nikawafikiria abiria wangu wa asubuhi.

Nikauachia.

Tulimzika siku ya nne. Nilimpeleka mwenyewe, kwa gari lile lile, na halikutoa sauti yoyote. Afya ya betri: mia.

Ndugu walinong'ona uchawi. Wakamtafuta mchawi: mara jirani, mara mke wa mjomba. Nilikaa nikawasikiliza. Sikuwa na moyo wa kuwaambia kwamba mchawi huyu hakuhitaji kupaa na ungo. Alihitaji soketi, na mtu wa kuchomeka.

Kulichoma gari lile sikuweza. Mama alikuwa humo. Kwenye mwendo mdogo, chini ya kiti, nilisikia cherehani.

Mwezi uliofuata betri ikaanza kushuka. Tisini na nane. Tisini na sita. Jioni hiyo mke wangu akaniambia mama yake anakuja kukaa nasi, kwa kuwa chumba cha mama yangu sasa ni kitupu. Asubuhi nikatangaza kwamba gari linauzwa.

Mnunuzi alikuja siku tatu baadaye, jioni, kijana mchangamfu, pamoja na bibi yake. Bibi akaketi kiti cha mbele, akapapasa dashibodi. "Halina kelele," alisema. "Kama limelala."

"Lichaji mbali na vitanda," nikamwambia kijana.

Akacheka. "Nyumba yetu ya matofali, mzee."

Nilikuwa na maneno mengine. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Yule muuzaji mwenye macho mekundu namwelewa sasa, simlaani.

Wakaondoka, lakini getini wakasimama. Walikuwa wamesahau waya. Nikauokota pale ukutani. Haukuwa umechomekwa kwa siku tatu, lakini ulikuwa na joto... joto la kiganja cha mtu.

Kijana akanyoosha mkono dirishani.

Nikampa.