Kisanduku cha Mdomo wa Kijito

Kila Jumamosi, baada ya sala na uji wa shayiri, Signe Halvorsen aliandamana na babu yake kutoboa barafu ya ziwa na kupima unene wake katika vituo vinne. Kisha aliandika vipimo kwenye jedwali la kompyuta. Jumatatu darasa lake, la sita, liliingiza faili hilo katika programu ya takwimu na kuchora grafu, ambayo ilibandikwa kwenye duka la chambo ili wavuvi wajue pa kupita juu ya barafu.

Jumatatu moja programu iligoma. Safu nzima ya vipimo ilisomwa kama maneno.

"Umeipa hadithi badala ya namba!" alicheka Wendell, jirani yake wa dawati. "Ona, mdomo wa kijito: 'kama kawaida'. Kawaida ni inchi ngapi, profesa?"

Signe aliona haya. Jumamosi upepo ulimchoma uso, akamsihi babu warudi nyumbani kabla ya kituo hicho cha nne, pale kijito kinapoingia ziwani. Sasa alifuta maneno, akaandika 8. Faili likaingia bila shida, na mstari ukapanda vizuri.

"Si unaona? Tumemaliza," alisema Wendell.

Mwalimu Toivonen aliichukua grafu. "Vizuri. Bwana Aune, yule mvuvi, anaingojea. Mchana huu anavuta kibanda chake cha kuvulia kwa gari juu ya barafu, anapitia mdomo wa kijito."

Signe aliitazama ile nane kwenye grafu. Aliomba kimoyomoyo apate ujasiri, akasimama.

"Mwalimu, usiibandike. Hiyo nane nimeitunga. Hatukupima pale."

Mwalimu alimpigia simu Bwana Aune papo hapo. Kisha alifuta ile nane, akakiacha kitupu kisanduku chake kwenye jedwali, wakaingiza faili upya. Mstari ulikatika penye kituo cha nne.

Alasiri, babu na Bwana Aune walijifunga kamba, wakaenda kupima. Inchi mbili na nusu! Hata mtu wa miguu asingepita salama.

Bwana Aune alikuja shuleni, kofia mkononi. "Haya, binti," alisema, akakohoa. "Si haba."

Mwalimu alimgeukia Signe. "Programu iliyakataa maneno yako, lakini uongo iliupokea, kwa sababu haikuwepo ziwani. Wewe ulikuwepo. Usipopima, acha pengo, useme hukupima. Pengo la kweli humfanya mtu asimame aulize."

Signe alivuta kibodi, akaandika 2.5.