Alama ya Tatu

Ukimuuliza Yusufu, rafiki yangu wa hapa Kisangani, atakana kwamba aliwahi kufika Bafwasende. Mimi aliniambia, mara moja tu.

Yeye na mwenzake Wenceslas walikuwa wakitafuta dhahabu porini huko kwa mashine moja, ile inayolia ikipita juu ya madini. Wenceslas ni mrefu, Yusufu mfupi, na ukiishika mashine kwa kipimo cha mwenzako bega linakuuma mpaka jioni. Basi kila mmoja alifunga kipande cha mpira kwenye fimbo ya mashine, ile inayorefushwa na kufupishwa, kuonyesha urefu unaomfaa, wakawa wanapokezana.

Siku hiyo mvua ilifanya msitu kuwa giza mchana. Waliegemeza mashine kwenye mti, wakajibanza chini ya turubai wakila chikwange yao, ule mkate wa muhogo. Ndipo wakaisikia ikilia, taratibu, huku na huku, kama iko mikononi mwa mtu asiyechoka.

"Wence, ni weye uliacha masini inawaka?"

"Mimi? Nilizima, nakuapia. Bon, nyamaza kwanza."

Sauti ikasogea hadi ukingo wa turubai, ikakatika.

Mvua ilipopungua walitoka. Mashine ilikuwa pale pale mtini, ila fimbo ilikuwa imefupishwa hadi mwisho, na hapo palifungwa kipande cha tatu cha mpira. Mshipi wa kushikia mkono ulikuwa umekazwa kwa unene wa mkono wa mtoto wa kunyonya.

Yusufu aliugusa kwa ndani. Ulikuwa bado na joto.