Hapana ya Kemunto

Jumamosi mchana barabara ya Alum Rock, Birmingham, haina adabu. Watu wanapigana vikumbo kati ya masanduku ya bamia na ndizi, akina mama wanaburuta vikapu vya magurudumu juu ya vidole vya wenzao, na ndani ya duka la Manubhai foleni inazunguka rafu hadi haijulikani inaanzia wapi. Humo ndimo Kemunto alimoiona pakiti ya mwisho ya unga wa wimbi. Akaishika. Kumbe upande wa pili kulikuwa na mkono mwingine.

"Samahani, mama," mwenye mkono akasema kwa Kiswahili. "Hii yangu."

Kemunto akageuka. Singasinga mrefu, kilemba cha buluu kilichofungwa kikafungika, ndevu zimechanwa, ovaroli ya fundi umeme na bisibisi mfukoni.

"Mama? Kwani mimi nina umri wa mama yako?"

"Sori. Dada."

"Na hicho Kiswahili umekitoa wapi?"

"Jikoni kwa bibi yangu. Yeye ni wa Kisumu. Mimi nimezaliwa hapa hapa, Handsworth. Kiswahili changu ni cha kula tu. Leta, ongeza, tosha."

"Na wimbi wa nini?"

"Bibi anakunywa uji. Nikirudi bila unga, dada, leo nitalala ndani ya van."

"Basi lala salama," Kemunto akasema, akaivuta pakiti.

Yule bwana akacheka hadi watu wa foleni wakageuka. Akaiachia. "Chukua. Lakini nipe namba. Bibi akiuliza unga uko wapi, nitamwambia akupigie mwenyewe."

Kemunto hakuwa mtu wa kugawa namba ovyo, lakini siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu kumchekesha. Akaitaja. Bibi hakupiga. Aliyepiga ni mjukuu, Ranvir, na Kemunto alikuwa hata hajashuka basi.

"Umefika?"

"Bado. Mbona?"

"Nataka kujua unga wangu umefika."

Sasa, msomaji, usilicheke hilo neno. Kemunto alikuwa na miaka sita Birmingham. Alikuwa akiwahudumia wazee kwenye makao kule Sutton Coldfield, akienda na kurudi kwa treni, kisha akipanda lifti hadi ghorofa ya tisa, Ladywood. Kanisani alikuwa na watu, kazini alikuwa na watu, nyumbani Nyamira ndio usiseme, walikuwa wakipiga kila wiki. Lakini mtu wa kumwuliza "umefika?" hakuwa naye. Angeweza kukwama kwenye ile lifti kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu na wa kwanza kumtafuta angekuwa bosi wake.

Kuanzia siku ile Ranvir akawa anauliza kila jioni. Umefika? Nimefika. Haya, lala vizuri, mwizi wa wimbi.

Mara ya kwanza alipokuja kwake, Kemunto alibandika chai akauliza kutoka jikoni, "Hunywi ya maziwa?"

"Hapana," Ranvir akajibu.

Kemunto akamimina maziwa kwa ukarimu wote wa Kisii. Ranvir alikitazama kikombe, akamtazama mwenye kikombe, akanywa mpaka mwisho. Na kila alipokuja, akanywa.

Kuhusu besiboli, wa kulaumiwa alikuwa mzee wa chumba namba saba. Mwingereza yule alifanya kazi Amerika miaka thelathini, akarudi na rundo la kanda za mchezo huo, na kila alasiri Kemunto alipokuwa akimlisha supu walizitazama pamoja. Alimfundisha kanuni zote. Mwezi wa nne, kabla hajafa, alimshika mkono akamwambia: siku moja nenda ukauone kwa macho yako, ila usiende peke yako. Mchezo ule ni mrefu, unataka mtu wa kubishana naye.

Timu mbili za Amerika zilipotangazwa kuja kucheza London mwezi wa sita, Kemunto alikata tiketi mbili siku hiyo hiyo.

"Mpira wa nini tena huo?" Ranvir akauliza. "Kama kriketi?"

"Ukisema kriketi tena nakufukuza. Kaa hapa."

Akapanga vikombe vinne mezani, bakuli la sukari katikati, kijiko akampa Ranvir awe na gongo.

"Mpigaji anasimama hapa. Hapa panaitwa nyumbani. Akiupiga mpira, anakimbia kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu."

"Halafu?"

"Halafu anarudi nyumbani. Ndipo anapata alama."

"Yaani ametoka nyumbani, amekimbia mji mzima, arudi pale pale? Si angekaa tu?"

"Ungekaa tu, Ranvir, usingepata hata moja."

Wakapanga kila kitu. Treni ya saa mbili na nusu asubuhi kutoka New Street. Wakutane chini ya yule fahali mkubwa wa chuma ndani ya kituo. Chapati zitapikwa na Kemunto, kachumbari italetwa na Ranvir, kofia mbili nyekundu Kemunto alishanunua. Alikuwa amekwisha kuchagua hata gauni, la manjano, lenye mikono mifupi, la mwanamke anayesindikizwa.

Ijumaa, siku moja kabla, alipangiwa shifti mbili mfululizo. Saa kumi jioni Ranvir alimpigia, na sauti ya Kemunto ilikuwa ya mtu aliyebeba wazee tangu alfajiri.

"Kemu, mpenzi, unasikika vibaya. Niambie ukweli. Hutaki tena kwenda na mimi?"

"Hapana!" akasema kwa moyo wote. Kengele ya chumba namba tatu ikalia.

"Sawa," Ranvir akasema taratibu. "Nimeelewa."

Kemunto akakata simu akakimbilia chumba namba tatu, huku akitabasamu peke yake. Alikuwa ameelewa. Ni raha gani hiyo, mwanamume anayeelewa!

Kesho yake alisimama chini ya fahali tangu saa mbili. Gauni la manjano, kofia moja kichwani, nyingine mkobani, chapati zingali na joto. Saa mbili na robo akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Saa mbili na nusu akapiga tena. Watoto walikuwa wakipigwa picha na fahali na mama mmoja akamwomba asogee kidogo, maana alikuwa ameingia kwenye picha yao. Akasogea. Treni ikaondoka.

Akapanda iliyofuata. Mpaka leo hajui kwa nini.

Uwanja ulikuwa mkubwa na kijani chake kilikuwa kizuri mno. Kwenye kiti cha pembeni yake aliweka ile kofia ya pili. Kijana mmoja aliyebeba bia akamwuliza kama pana mtu.

"Yupo," Kemunto akasema. "Anakuja."

Mchezo ulikuwa mrefu, kama mzee alivyosema. Mpigaji aliutandika mpira ukapotelea kwa watazamaji, uwanja mzima ukasimama, na Kemunto naye akasimama, akageukia kulia kueleza kwamba sasa huyu anaruhusiwa kuzunguka vituo vyote kwa kutembea. Akaieleza kofia. Kisha akaketi akalia, akijifuta kwa kitambaa cha chapati.

Alirudi Ladywood, akapanda lifti, akafungua mlango. Simu haikuuliza kitu.

Akufukuzaye hakwambii toka. Kemunto aliijua methali hiyo tangu utotoni na hakutaka kufunzwa mara ya pili. Hakupiga tena. Wiki tatu zikapita, kazi, treni, lifti, na kila jioni alijikuta amesimama mlangoni na koti lake bado mwilini, akiitazama simu kwa hasira.

Jumamosi ya nne unga ulimwishia. Akaenda kwa Manubhai, na kwenye rafu ya wimbi akamkuta bibi mfupi mwenye mtandio mweupe ameshika fimbo. Nyuma yake kulikuwa na kilemba cha buluu.

Ranvir akatazama sakafu. Bibi akawatazama wote wawili, akaelewa.

"Ndiye wewe," akasema kwa Kiswahili cha Kisumu kisichokwaruza. "Mimi Gurvinder. Mjukuu wangu ana kosa gani hata ukamkataa kwa simu?"

"Mimi, bibi? Nimemkataa lini? Yeye ndiye aliniacha kituoni!"

"Nilikuuliza," Ranvir akasema. "Nikasema, hutaki tena kwenda na mimi? Ukasema hapana."

"Si ndiyo! Nilisema hapana!"

"Basi?"

"Basi nini?"

"Wacha kelele," Bibi Gurvinder akasema. "Na wewe msichana, hata kama unampenda, punguza maziwa. Tumbo lake halishiki maziwa tangu mtoto. Kila akitoka kwako anashinda chooni."

Kemunto alishangaa. "Lakini nilimwuliza! Nikasema, hunywi ya maziwa? Akajibu hapana!"

Foleni ikawapita pande zote mbili.

"Hapana," Ranvir akasema polepole. "Yaani, sinywi."

"Hapana," Kemunto akasema. "Yaani, si kweli, unakunywa."

Bibi Gurvinder akaegemea rafu. "Kosa langu," akasema. "Nilimfundisha Kiswahili cha kula tu."

Mtu angetegemea wakumbatiane pale pale kati ya dengu na mchele. Kemunto alicheka, ndiyo, lakini hakumsogelea.

"Ungepiga, Ranvir. Mimi nilipiga mara mbili."

"Nilikuwa chini ya jengo navuta waya, simu niliiacha ndani ya van. Nikaziona jioni. Nikajua unataka kuniambia pole. Sikutaka pole yako, Kemu. Nilikutaka wewe."

"Nilikuwekea kiti. Mtu akauliza kama pana mtu, nikamwambia yupo. Saa tatu nzima, Ranvir. Nilikuwa naongea na kofia."

Ranvir macho yalikuwa yamemjaa maji. Kemunto akachukua unga wake, akamwaga bibi kwa heshima, akatoka kulikimbilia basi, kwa sababu hakutaka kulia mbele ya Manubhai.

Alipanda lifti peke yake. Akafungua mlango, akasimama na koti lake, na simu ikatetemeka.

*Umefika?*

Akaangalia neno lile kwa muda mrefu. *Nimefika,* akaandika.

Simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaandika tena.

*Hutaki nije?*

Kidole cha Kemunto kikaenda kwenye H, kikarudi. Kikaenda kwenye N, kikasita. Ndiyo na hapana zilishamtia hasara ya kutosha.

*Nataka,* akaandika. *Hata siku ile kituoni nilitaka.*

Akavua koti, akaitoa kofia nyekundu mkobani na kuiweka mezani upande wa Ranvir, akabandika chai. Ya rangi.