Hodi Kwenye Waya

Tundu la waya nyuma ya kompyuta ile lilikuwa limezibwa kwa nta. Si vumbi, si kutu. Nta nyekundu, imeshindiliwa kwa kidole mpaka alama ya kidole ikabaki. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwanza nani kaziba na kwa nini. Lakini kinyozi yule, mbishi wa kuzaliwa, alichukua wembe wake wa kazini akaanza kuchokonoa.

"Mume wangu, si uiache tu?" mkewe, fundi cherehani, aliita kutoka jikoni. "Kompyuta ya marehemu kaka yako hiyo. Hata kaburi halijakauka."

"Marehemu haihitaji tena. Na hii ruta ya intaneti haiwaki kwa maneno, inataka kompyuta."

"Basi mwite fundi."

"Fundi wa nini? Mimi mikono sina?"

Kaka mtu alikutwa amekufa mbele ya kompyuta hiyo hiyo, uso umegeukia mgongoni. Ndugu wakasema kaanguka kitini. Haya, kitini! Tukiogopa jambo hatukosi la kusema.

Nta ikatoka. Kompyuta yenyewe kuukuu, haishiki mtandao bila waya, kwa hiyo kinyozi akachomeka ncha moja kwenye ruta na nyingine tunduni. Taa za kijani zikaanza kupepesa. Upande wa pili wa ukuta, Mama Pacha akapaza sauti, maana nyumba zile zilishikana na siri haikuwahi kukaa.

"Baba, ukimaliza usinisahau pasiwedi! Hawa pacha wangu wananitoa roho na katuni zao."

"Pasiwedi ya nini, jirani? Naacha wazi kabisa, jiunge tu!"

Na kweli akaacha wazi. Kwenye skrini pakatokea orodha ya vifaa vilivyounganishwa: kompyuta yake, basi. Akatabasamu. Kisha kikaongezeka cha pili, hakina jina, na sebule ikajaa harufu ya nywele zinazoungua.

"Hodi," sauti ikasema.

Hapo ndipo mke alipokosea, na nani kati yetu asingekosea? Hodi ikipigwa, mdomo hujibu kabla ya akili. Tena sauti aliijua vizuri.

"Karibu, shemeji, pita ndani!"

Kisu kikamponyoka. Shemeji gani? Si walimzika?

Alipofika sebuleni, waya ulikuwa umeshajizungusha mkononi mwa mumewe, ukikaza mpaka vidole vikavunjika kimoja kimoja kama vijiti vya kuwashia moto, na kinyozi akipiga mayowe, na waya ukipanda begani, ukifika shingoni, ukimvuta na kumbamiza uso kwenye meza, tena na tena, mpaka meno yakatawanyika kwenye kibao cha herufi na damu ikatiririka sakafuni, na kile kichwa kikaanza kugeuka, polepole, kuelekea mgongoni.

"Niue mimi! Mwache!" mke akalia. Akanyakua mkasi wake wa kukatia vitambaa, akaubana waya, akaukata. Waya ukammwagia damu ya moto usoni, na ile ncha iliyokatwa ikaota upya, ikampiga ubavuni akaanguka chali, pumzi zimemkatika.

"Shemeji," spika zikanong'ona, kwa ile sauti ya marehemu, "mbona unampiga mgeni? Mimi sikuvunja mlango. Nimebisha, ukanikaribisha."

Mwanamke akajiinua kwa magoti. Hasira ilikuwa imempanda.

"Nilikukaribisha mimi, na mimi ndiye ninayekufukuza. Mume wangu huyu humpati. Toka nyumbani kwangu! Toka, mwanaharamu mkubwa!"

Kichwa cha kinyozi kikaacha kugeuka.

"Nitatoka," sauti ikasema. "Lakini mgeni haondoki mikono mitupu."

Waya ukamwingia kinyozi mdomoni. Ukashuka kooni, shingo ikavimba, macho yakamtoka, kisha ukachomoka kwa nguvu, umelowa damu, ukaanguka sakafuni ukawa waya tu. Harufu ikaisha. Mke akamkumbatia mumewe, akasikia kifua kikipanda na kushuka, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Uko hai, mpenzi wangu. Uko hai! Sema neno basi, hata moja."

Kinyozi akafungua mdomo. Akajaribu. Damu ilitoka, sauti haikutoka. Akainua ule mkono uliovunjika, akaonyesha skrini.

Kifaa kisicho na jina hakikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na kipya, kimejiunga sasa hivi: Simu ya Mama Pacha.

Wakasikia watoto wakicheka upande wa pili. Wakasikia hodi, na sauti iliyobisha ilikuwa ya kinyozi mwenyewe, ile ile ya ubishi na utani, haikupungua kitu.

Kinyozi akaupiga ukuta kwa kichwa chake. Mke akavuta pumzi apige kelele, ubavu uliovunjika ukamchoma, kelele ikaishia kifuani.

"Karibu, baba!" Mama Pacha akaitikia kwa furaha. "Pita tu, watoto wako hapa."