Neno Lililofutwa Ubaoni

Siku ya mnada, huko Machochwe mkoani Mara, mwenye haraka ndiye anayeumia. Bupe alilijua hilo, lakini alikuwa anatakiwa zamu ya mchana zahanati na nyanya zilikuwa zinaisha, basi akajipenyeza katikati ya ng'ombe na wauza mitumba, gauni lake la kitenge cha njano likipepea. Akagongana na ubao. Rangi ilikuwa mbichi, na alipojitazama, bega zima lilikuwa la buluu.

"Pole sana, dada," alisema mwenye ubao, kijana mrefu aliyefunga vifungo vya shati hadi shingoni kana kwamba anakwenda kuposa. "Nitalifua."

Bupe alikuwa ameshasoma maandishi. "Nyamhanga Riviera. Ndiyo nini?"

"Nyamhanga ni mimi. Riviera ni gesti yangu, iko pale lamboni."

"Lambo la kunyweshea ng'ombe?" Bupe alicheka hadi kikapu kikamponyoka. "Kaka, unajua maana ya riviera?"

"Nililiona kwenye kalenda, nikalipenda. Niambie wewe, nesi wa zahanati yetu."

"Ni mwambao wa bahari. Neno lilianzia Ulaya, kwenye jua na mahoteli ya kifahari, matajiri wanakokwenda kujionyesha na miwani yao. Siku hizi kila pwani yenye makeke inajiita riviera, hata ya ziwa. Lakini lazima pawe na ufukwe, mtu atoke mbali kuufuata, na akifika asitake kuondoka."

"Basi na wewe umetoka mbali."

"Kyela. Ila mimi nimeletwa na serikali." Alijibu hivyo, lakini alikuwa anatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa la bure.

Simu zikaanza. "Riviera inakusalimia," Nyamhanga alizoea kusema. "Mawimbi yapo?" Bupe naye huuliza. "Yapo, mama. Kuna ndama ameingia majini." Jioni walikaa kando ya lambo wakitafuna mahindi ya kuchoma. Bupe alimpenda, hakuna cha kuficha. Kwa hiyo kibali cha uhamisho wa kwenda kwao, alichokiomba kabla hawajajuana, kilipotoka, hakukifurahia. Alimwambia Nyamhanga, akasubiri amwambie abaki. Nyamhanga aliinamisha kichwa tu, na kesho yake simu yake haikupatikana.

"Ng'ombe za Robi zimetoka," alisema Agness, nesi mwenzake mzaliwa wa hapo.

"Zimekwenda wapi?"

"Kuoa. Robi si dada yake Nyamhanga? Kwetu ng'ombe za mahari ya dada ndizo kaka anazoolea. Nilifikiri mura wako, huyo kijana wako, amekuambia."

Bupe alipita lamboni. Gesti ilikuwa na kufuli, na kwenye ubao neno Riviera lilikuwa limepakwa rangi nyeupe. Lilibaki jina Nyamhanga peke yake. Alilia njia nzima, akafika nyumbani akaanza kufunga mizigo.

Alikuwa akikaza kamba ya sanduku mama yake alipopiga simu kutoka Kyela.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bupe, hapa kuna lori la ng'ombe. Kuna kijana amefunga shati mpaka kooni, anasema katokea Mara. Baba yako ameshamtolea kiti."

Bupe akakalia sanduku. "Mpe simu, mama."

"Nesi wangu," ilisema sauti aliyoijua.

"Simu yako iko wapi?"

"Ng'ombe wameikanyaga huko Singida."

"Mimi nimeambiwa unaoa mwingine. Nimefunga mizigo, Nyamhanga."

"Nimekosa. Kwetu mwanamume anaanza na ng'ombe, maneno yanafuata."

"Wazazi wangu umewauliza. Mimi hujaniuliza."

"Basi nakuuliza. Utakubali niwe mumeo? Usinijibu mbele ya wazee hawa. Nikirudi nisipokukuta, nitaelewa, na sitaweka kinyongo."

"Na Riviera mbona umeifuta?"

"Ulisema neno hilo linataka ufukwe. Sikutaka mke wangu achekwe."

Asubuhi Bupe alinunua rangi ya buluu, akaazima ngazi kanisani, akavaa lile gauni la njano lenye doa begani. Agness alishika ngazi huku akinung'unika. "Utaanguka, shoga. Na uhamisho wako?"

"Nimeukataa."

Nyamhanga alirudi siku ya mnada, vumbi hadi kwenye kope. Akasimama chini ya ubao. Riviera lilikuwa limerudi, limepinda, herufi zake kubwa kuliko za jina Nyamhanga.

"Lakini ufukwe hatuna," alisema.

Bupe alikuwa ananawa rangi lamboni, ng'ombe wa watu wakinywa pembeni yake. Akainuka, mikono ikichuruzika.

"Mimi nimetoka mbali," akamwambia. "Nimefika, na siondoki."

Wanawake waliokuwa wanachota maji wakaweka ndoo chini, wakapiga vigelegele.